Kuuza gari nje ya Uganda: invoisi iandike bei uliyolipwa kweli

"Mukubwa, uniandikie faktiri ya elfu ine tu, ile ingine tunajua sisi wawili."

Hii sentensi nimeisikia mara nyingi sana tangu nianze kuuza magari, kwanza kule kwetu Arua halafu hapa Kampala, na wanaoisema si watu wabaya, wengi ni wafanyabiashara wa kawaida wa Bunia na Ariwara kule Congo, wa Juba kule Sudan Kusini, mtu amehesabu hela yake mpaka ya mwisho halafu anakumbuka kwamba kule mpakani kwao bado ushuru unamngoja. Basi anakuomba wewe muuzaji umsaidie kidogo. Gari amelinunua dola 13,000, anataka karatasi iseme 4,000.

Mimi niliwahi kukubali. Ilikuwa Hilux dabo kabini nyeupe, mteja wa Juba, tulikuwa tumeshauziana magari mawili kabla ya hilo na sikuwahi kuona tatizo lolote kwake. Alilipa dola 13,000, mimi nikaandika invoisi ya 4,500, gari likapandishwa kwenye lori kwenda kaskazini, na usiku huo huo lori likapinduka. Watu walitoka salama, Mungu mkubwa, lakini Hilux ilibondeka kabini yote. Tulikuwa tumeikatia bima ya mzigo. Jamaa wa bima walipokuja kitu cha kwanza kuomba ni invoisi, na wakalipa kwa kufuata invoisi, yaani 4,500. Mteja alikaa kwenye kiti mbele yangu akaniuliza, "Kaka, na ile ingine?" Sikuwa na jibu. Bima hawakukosea, walisoma kile nilichoandika mimi kwa mkono wangu. Nilimlipa sehemu ya ile tofauti kidogo kidogo, ilinichukua miezi kumi na moja.

Tangu siku hiyo nauza kwa bei moja na karatasi moja, na nataka nieleze hapa namna ya kufanya, sababu vijana wengi wanaingia kwenye hii biashara na wanafundishwa ujanja kabla hawajafundishwa kazi. Halafu kuna njia halali za kumpunguzia mteja kodi ambazo watu hawazijui, wanakimbilia uongo wakati ukweli ulioandikwa vizuri ungewasaidia zaidi.

Kwanza elewa ushuru unapigwa juu ya nini

Nchi karibu zote zinatumia sheria ile ile ya kupata thamani ya mzigo, inatoka kwa shirika la biashara la dunia, WTO. Njia ya kwanza ni bei ambayo mnunuzi amelipa kweli au atalipa. Kama afisa ana sababu ya kutoiamini hiyo bei basi anashuka njia ya pili, ya tatu, mpaka ya sita, anaangalia gari kama hilo lililopita juzi liliandikwa ngapi, anaangalia linalofanana nalo, na kuendelea. Kwetu Afrika Mashariki hayo yote yamo kwenye sheria ya forodha ya jumuiya ya mwaka 2004, na bei inayohesabiwa ni CIF, maana yake bei ya gari ukiongeza usafiri na bima mpaka linapoingia.

Nichukue Uganda yenyewe kama mfano ili uone hesabu inavyokwenda. Gari limefika, CIF dola 6,000. Ushuru wa kuingiza asilimia 25, hiyo ni 1,500. VAT asilimia 18 inapigwa juu ya CIF pamoja na ule ushuru, yaani juu ya 7,500, unapata 1,350. Witholdingi, yaani kodi ya zuio, asilimia 6 ya CIF, 360. Levi ya miundombinu asilimia 1.5, dola 90. Jumla 3,300, na bado hujaweka levi ya mazingira, hiyo inaumiza magari mazee, wala hujaweka usajili. Sasa unaona mbona mtu anatamani kuandika elfu mbili badala ya elfu sita, kila dola moja unayoficha juu inaondoa senti 55 chini. Namuelewa kabisa. Ila viwango hubadilika, kwetu bajeti inasomwa Juni na mambo mapya yanaanza tarehe 1 Julai, kwa hiyo usitumie hesabu ya mwaka jana kumuahidi mteja, na nchi ya mteja ina viwango vyake, ejenti wake wa forodha wa kule ndiye ampigie hesabu.

Shida ni kwamba yule afisa si mtoto. Hilux anaiona kila siku. Ana kompyuta mbele yake yenye bei za magari yaliyopita. Ukileta ya 4,500 wakati wenzake wote wako 12,000 anaikataa hapo hapo na anapandisha mwenyewe kwa hesabu yake, na mara nyingine hesabu yake inakuwa juu kuliko bei ya kweli, na sasa huna karatasi ya kumbishia maana karatasi uliyonayo ni ya uongo. Nimeona mteja analipa kodi kubwa kuliko ambayo angelipa kama angesema ukweli toka mwanzo, pamoja na siku tano za parkingi.

Na kuna jela. Kifungu cha 203 cha hiyo sheria ya forodha kinasema mtu akitoa tamko la uongo au karatasi ya uongo kwenye mambo ya kastamu anaweza kufungwa mpaka miaka 3 au kupigwa faini isiyozidi dola 10,000. Hakisemi mnunuzi peke yake. Invoisi ina jina lako, muhuri wako, sahihi yako.

Gari la bondi au gari lililolipiwa

Hapa ndipo pesa ya kweli ilipo. Gari lililofika Kampala kutoka Japani linaweza kukaa bondi, yaani ghala linalosimamiwa na forodha, bila kulipiwa kodi ya Uganda. Kwa sheria linakaa miezi 6, ukiomba unaweza kuongezwa 3, zaidi ya hapo linakwenda mnadani. Kama mteja wako ni wa Congo au Sudan Kusini, muuzie gari likiwa bado bondi na ejenti afanye karatasi ya kulitoa nje moja kwa moja. Kodi ya Uganda hailipwi kabisa, mteja atalipa ya kwao tu. Kwa ile hesabu ya juu maana yake ni dola 3,300 na zaidi haziingii kwenye bei. Hakuna uongo hata mmoja hapo.

Lakini gari likishalipiwa kodi hapa, likapewa namba pleti, likatembea Kampala miaka mitatu, ile kodi imeshakaa ndani ya bei, usihesabu kwamba utarudishiwa kwa sababu umeuza nje. Watu hapa wanachanganya. Unakuta mtu ana Toyota Fielder yenye pleti anataka kumuuzia Mkongo kwa bei ya soko la Kampala, na Mkongo anashangaa mbona bondi pale Nakawa ni rahisi. Basi mwambie mapema, mzee, hili limelipiwa kodi hapa, ukilivusha unalipa tena kwenu, kama unataka nafuu twende bondi tuone. Unaweza kupoteza dili moja, atarudi kwa sababu hukumfunga macho.

Gari la bondi lina hatari yake nayo ni lazima litoke kweli. Kuna mchezo wa zamani, gari au mzigo unaandikwa unakwenda nje halafu unaishia kijijini hapa hapa Uganda bila kodi. Wazee wetu wanakumbuka neno magendo la miaka ya 70, ni mambo yale yale, yamebadilika nguo tu. Sasa hivi mizigo ya transiti, ile inayopita tu kwenda nje, inafungwa sili ya elektroniki na URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, wanaiona kwenye skrini inapotembea. Na kuna dhamana, yaani ejenti amejifunga kwamba gari litatoka, lisipotoka kodi yote inadaiwa kwake na yeye atakuja kwako. Kwa hiyo ukimpa mteja gari alipeleke mwenyewe mpaka Elegu au Vurra au Mpondwe kule mpakani, usilale mpaka uone uthibitisho kwenye mfumo kwamba limevuka. Mwambie ejenti akutumie. Meseji ya mteja "nimefika salama boss" siyo uthibitisho wa kutoka.

Invoisi yenyewe

Andika majina yote mawili kama yalivyo kwenye pasipoti au kitambulisho, siyo jina la utani la sokoni. TIN yako, namba ya mlipa kodi. Tarehe. Aina ya gari, mwaka wa kutengenezwa, rangi, ukubwa wa injini, kilomita zilizosomwa siku hiyo. Neno "limetumika" liwemo. Bei na sarafu yake, dola au shilingi, usiache tarakimu uchi bila sarafu. Na useme bei hiyo inaishia wapi, gari linakabidhiwa Kampala bondi, au limefikishwa mpakani, au usafiri na bima vimo ndani. Tenganisha mistari: gari peke yake, usafiri peke yake, bima peke yake. Watu wanapenda kuandika jumla moja, ni kosa, sababu usafiri wa ndani baada ya kuingia nchi ya mteja unaweza usihesabiwe kwenye thamani ya ushuru kama umeonyeshwa mbali, ukiuchanganya humo humo mteja anaulipia ushuru bure.

Kama unauza kama biashara na uko kwenye VAT, mauzo ya nje ni asilimia sifuri lakini kwa sharti uwe na karatasi za kutoka. Huna, utadaiwa 18. Na invoisi ya EFRIS, ule mfumo wa URA wa invoisi za elektroniki, ni lazima ilingane na invoisi iliyokwenda kastamu, bei kwa bei. Nyumba ni moja, URA ni URA, anayeangalia kodi ya ndani na anayeangalia mpaka wanasoma TIN ile ile. Mtu anaandika 13,000 kwenye EFRIS maana hela imeingia benki, halafu 4,500 kwa kastamu, ni kama kujishtaki kwa karatasi mbili.

Sasa chasisi. Hapa naomba uwe mtu wa kusumbua. Usinakili kutoka logibuku, kile kitabu cha usajili wa gari, wala kutoka kwa ile picha ya mnada, nenda kwenye gari lenyewe na tochi. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana ile namba ndefu ya herufi na tarakimu 17, yana modeli halafu kistari halafu tarakimu saba, mfano Fielder inaanza NZE141 ndio inafuata kistari. Vijana wakiona fomu ya kompyuta inataka 17 wanaongeza masifuri wenyewe ili ijae. Usiongeze kitu. Mimi nasafisha ile sehemu kwa kitambaa chenye petroli kidogo, naweka karatasi nyeupe juu, nasugua kwa ubapa wa penseli mpaka namba inatokea yenyewe kwenye karatasi, halafu napiga picha karatasi na chuma pamoja. Ile karatasi naibandika kwenye faili. Iliwahi kutokea kwenye gari moja mtu wa ofisini kwangu akaandika 3 mahali pa 8, chuma kilikuwa na kutu pale kwenye tumbo la namba, na gari likalala mpakani siku mbili mpaka tukatuma ile karatasi ya penseli, afisa akaiweka sambamba na chasisi, akaelewa, akatusahihishia.

Kama ndani ya gari umeweka matairi ya ziada, injini ya spea, bampa, viandike. Gari siyo sanduku la kufichia vitu. Mzigo ambao hauko kwenye karatasi ukikutwa unaharibu na ule ulioko.

Bei ndogo ya kweli

Hii ni muhimu sana na sioni watu wakiisema. Wakati mwingine bei ni ndogo na ni ya kweli. Gari lina giaboksi mbovu, limewahi kuzama kwenye maji, limegongwa ubavu, umeliuza dola 2,800 wakati wenzake wako 6,000. Hapo usiwe na hofu ya kuandika 2,800, ila leta ushahidi. Pata ripoti ya gereji yenye muhuri na namba ya simu, iandike ubovu mmoja mmoja, piga picha ubovu wenyewe, odomita, chini ya gari, na kwenye invoisi uandike mstari mmoja, "gari lina giaboksi iliyokufa na ubavu wa kushoto umegongwa, bei imezingatia hayo." Ambatanisha karatasi ya benki inayoonyesha ni 2,800 iliyolipwa. Hivyo afisa akitaka kupandisha bei mteja ana kitu cha kushika mkononi. Nimeona inafanya kazi. Haifanyi kazi kila mara, kuna maafisa wagumu, lakini mteja ana haki ya kuomba sababu kwa maandishi na kukata rufaa, na rufaa inasimama juu ya karatasi.

Usiandike "zawadi". Mnunuzi wa ng'ambo hasa ndio wanapenda hilo, andika ni zawadi kwa ndugu. Zawadi ya gari nayo inathaminiwa, na hela yake imepita benki kwako, sasa ni zawadi gani hiyo iliyolipiwa.

Logibuku, Interpol na pleti

Gari lenye usajili wa Uganda likiuzwa nje ni lazima litoke kwenye rejista. Rejista ya magari siku hizi iko Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, zamani ilikuwa URA, wazee wengi bado wanakwenda kule kuuliza. Kabla ya hapo pata klirensi ya polisi, kitengo cha Interpol, wanakagua injini na chasisi na kuangalia kama gari limeibiwa mahali. Hakikisha hakuna deni, mkopo wa benki uliowekea gari dhamana uwe umefutwa, faini za trafiki zimelipwa. Logibuku iwe kwa jina lako wewe unayeuza, kama ulinunua kwa mtu na hukuwahi kuhamisha basi hamisha kwanza, inauma kulipa lakini gari linalovuka mpaka kwa jina la mtu wa tatu linaleta maswali ambayo yule mtu wa tatu hayuko kuyajibu.

Na ule mtindo wa kusaini fomu ya kuhamisha halafu kuacha jina la mnunuzi wazi, uache kabisa. Gari linatembea Ituri ya Congo au Equatoria ya Sudan Kusini na pleti ya Uganda, kwenye mfumo bado ni lako. Likifanya ajali, likabeba kitu kibaya, anayetafutwa ni wewe. Kuna rafiki yangu aliitwa polisi kwa gari aliloliuza miaka miwili nyuma, alikaa nje ya biashara wiki tatu akitafuta mnunuzi amsaidie kueleza, na simu ya mnunuzi ilikuwa haipatikani. Pleti zirudishe, chukua karatasi ya kufutwa usajili, nakala mpe mteja maana kule anakokwenda kusajili wataiuliza.

Vilevile usimpe mteja gari avuke kwa karatasi ya muda, ile ya kutembelea, huku mmeshauziana. Ile ni ya gari linalorudi.

Uliza nchi yake kabla hujapokea hela

Kenya hawapokei gari lililozidi miaka 8. Uganda yenyewe tangu 2018 haipokei lililofika miaka 15, kwa hiyo hata gari ulilouza likirudishwa na mteja linaweza kukwama huku. Rwanda, Congo na Sudan Kusini wanaendesha upande wa kulia wa barabara, magari yetu yana usukani upande wa kulia, kwa hiyo mteja athibitishe na kastamu yao kama usukani huo unakubaliwa kusajiliwa na kwa aina gani ya gari. Athibitishe yeye, kwa maandishi, wewe usiwe shahidi wa sheria ya nchi nyingine. Na kitu kimoja watu wa jumuiya wanakosea, wanafikiri kwa sababu Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022 na Sudan Kusini 2016 basi gari kutoka Kampala halina ushuru. Toyota ya Japani haigeuki kuwa bidhaa ya Uganda kwa kulala Nakawa. Cheti cha asili cha jumuiya ni cha vitu vilivyotengenezwa huku. Mtu akikuambia anakutafutia hicho cheti kwa gari la Japani kimbia.

Ng'ambo kabisa

Kuna soko dogo la magari ya zamani kwenda Ulaya, hasa Land Rover za zamani, watu wanazitafuta sana. Hapa nataka uone kwa hesabu namna ukweli unavyookoa hela. Uingereza ushuru wa gari la kawaida ni asilimia 10, halafu VAT 20 juu yake. Gari la pauni 10,000 na usafiri pauni 2,000: ushuru ni 1,200, VAT ni asilimia 20 ya 13,200, yaani 2,640, jumla 3,840. Lakini gari lenye miaka 30 na zaidi, liko katika hali yake ya asili bila kubadilishwa chasisi, usukani, breki wala injini, na modeli yake haitengenezwi tena, linaweza kuingia kama gari la makumbusho, ushuru sifuri na VAT asilimia 5. Kwa hilo hilo gari ni pauni 600. Tofauti ya zaidi ya pauni 3,000, na imeletwa na karatasi zenye ukweli tu: logibuku yenye mwaka, namba ya chasisi inayolingana, historia ya matengenezo, picha nyingi. Mtu aliyeweka injini ya Toyota ndani ya Land Rover ya mwaka 1971 asiandike kwamba ni ya asili. Aandike ilivyo, mnunuzi aamue.

Safari ni Kampala, Malaba, Mombasa, kama kilomita 1,150, ndani ya kontena. Gari lisafishwe mpaka chini ya madigadi, udongo na mbegu za majani vinarudisha mizigo. Mafuta yabaki kidogo sana, betri itolewe waya. Uzito wa kontena unapimwa kweli, hiyo ni sheria ya meli ya dunia tangu Julai 2016, hukadirii. Bili ya meli, ile karatasi ya mzigo inayotolewa na kampuni ya meli, isome maneno yale yale ya invoisi: modeli, chasisi, mwaka. Neno moja likitofautiana mteja wako anakaa bandarini analipia siku.

Hela

Ipite benki. Kama ni taslimu inayozidi shilingi milioni 20 ujue inaripotiwa kwa sheria ya utakatishaji fedha ya 2013, hakuna ubaya wowote ukiwa na invoisi inayolingana nayo, ubaya unaanza pale hela ni 13,000 na karatasi ni 4,500 na mtu wa benki anakuuliza hizi nyingine ni za nini.

Usiachie gari kwa skrinishoti ya benki. Subiri hela ikae kwenye akaunti, uliza benki kama inaweza kurudishwa. Na yule wa ng'ambo anayekutumia cheki kubwa kuliko bei halafu anakuomba umtumie "ejenti wake wa meli" ile iliyozidi, huyo ni mwizi, cheki itakufa wiki ya pili na hela uliyotuma ilikuwa yako.

Unamjibuje mteja

Mimi simkaripii. Namvutia kiti, namletea chai, nachukua karatasi namuonyesha. Namwambia, papa, nikikuandikia elfu nne na gari likaungua njiani utalipwa elfu nne. Likiwa na shida ukataka unishtaki, mahakama itasoma elfu nne. Ukitaka kuliuza mwakani kwa kampuni watakuuliza ulilinunua ngapi, utatoa karatasi ya elfu nne. Halafu tunakaa tunatafuta nafuu ya halali, tunaangalia bondi, tunatenganisha usafiri, tunaandika ubovu kama upo, mara nyingine nashusha bei yenyewe kweli, dola mia tatu, mia nne, nazitoa kwenye faida yangu na zinaonekana kwenye invoisi. Wengi wanakubali. Wachache wanainuka wanakwenda kwa jirani, na jirani anawaandikia, hilo siwezi kulizuia.

Karatasi zote zikae miaka 5, sheria ya forodha inawaruhusu kuja kuziomba muda wote huo. Kila gari lina bahasha yake ya kaki: invoisi, risiti ya benki, karatasi ya kutoka, klirensi ya Interpol, kufutwa usajili, ripoti ya gereji, na ile karatasi ya penseli ya chasisi. Juu ya bahasha naandika namba ya chasisi kwa kalamu nene, maana majina ya wateja yanafanana.